Barua ya wazi: Chomeni mabaka, msiichome mbuga nzima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). Wasimamizi wa hifadhi za Murchison Falls, Kidepo, Queen Elizabeth na Ziwa Mburo. Wenyeviti wa LC5 (mabaraza ya wilaya) na maofisa mifugo wa wilaya zinazopakana na hifadhi hizo.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunawaandikia kuhusu moto unaowashwa kwa mpango kila kiangazi ili kuondoa nyasi kuukuu, na kuhusu ndege wanaoishi ndani ya nyasi hizo. Hatuwaombi mwache kuchoma. Mbuga inayopata mvua kama Murchison ikikaa miaka mingi bila moto, nyasi hujifunika kwa masalia yao wenyewe, kobu (aina ya swala) na nyati huzikimbia, vichaka huingia, na ndege wa maeneo ya wazi huondoka. Ziwa Mburo panaonyesha jinsi migunga midogo inavyoweza kuimeza mbuga, na Queen Elizabeth kichaka cha miiba kiitwacho kitaalamu Dichrostachys cinerea kinafanya vivyo hivyo. Tunachoomba ni kubadilishwa kwa ukubwa wa eneo linalochomwa kwa mara moja, wakati wa kuchoma, na namna moto unavyowashwa.

Tuanze na jambo linalopotosha watu wengi, wakiwemo askari wenye uzoefu. Moto ukiwashwa, ndege huja kwa mamia. Mwewe huzunguka juu ya moshi, kambu na keremkerem wekundu hudaka panzi wanaoruka mbele ya miali, na majivu yakipoa hufika marabu, yangeyange, korongo weupe waliotoka Ulaya, na mumbi wakitembea kundi zima wakiokota mijusi na panzi waliobabuka. Mtu akisimama pale na darubini ataandika orodha ndefu kuliko siku yoyote nyingine ya mwaka, kisha ripoti itasema moto umenufaisha ndege. Hao ni wageni wa karamu ya siku tatu. Wenyeji wa nyasi ndefu, yaani vijindege vya jenasi Cisticola, kweche, tombo, dudumizi mweusi na tandawala tumbo-jeusi, hawaonekani kirahisi hata wakiwepo. Wakitoweka hakuna anayeona pengo. Ndiyo maana hesabu ya ndege iliyofanywa siku ya moto haifai kuwa msingi wa uamuzi wowote.

Wapo ndege ambao kweli wanahitaji ardhi iliyoungua, na tungekuwa si waaminifu tusipowataja. Ndoero kadhaa hutaga kwenye nyasi fupi sana au majivu. Yule mkimbiaji mdogo wa miguu mirefu, Cursorius temminckii, hutaga mayai yenye madoa meusi yanayofanana kabisa na ardhi iliyoungua. Akikosa uwanja mweusi, mayai yake huonekana na kila mwizi wa viota. Kipozamataza naye hupenda kuwinda kwenye ardhi iliyofunguka. Ndege hawa hawahitaji kilomita mraba mia moja za majivu. Mabaka yanawatosha, na mabaka hayohayo yakipakana na nyasi zilizosimama yanawafaa zaidi, kwa sababu wazazi huweza kupeleka makinda kwenye kivuli na maficho.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ndani ya mwaka mmoja, kila aina ya ndege inapata wapi sehemu yake? Eneo lote likiungua kwa wiki moja, jibu kwa wenye kuhitaji nyasi ndefu ni kwamba hawana pa kwenda. Nyasi zitachipua baada ya wiki mbili au tatu kama udongo una unyevu, lakini chipukizi la sentimita 10 haliwezi kubeba kiota cha kweche. Ndege wa aina hii hungoja nyasi zirefuke tena, na wengine huhitaji masalia ya mwaka uliopita yaliyolala chini, kwa sababu ndani yake ndimo wadudu wanamoishi na viota vinamofichwa. Masalia hayo hupatikana tu mahali palipopona moto kwa zaidi ya msimu mmoja.

Sasa wakati. Kaskazini, Murchison na Kidepo, mvua kubwa huanza Aprili na kuisha kuelekea Novemba, na kiangazi kikali ni Desemba hadi Machi mwanzoni. Moto wa Desemba hukuta nyasi zikiwa bado na kijani kwenye mabonde na kando ya mito. Unaruka hapa, unazimika pale, na unaacha vipande vizima bila mtu kuvipanga. Moto wa mwisho wa Februari hukuta kila kitu kimekauka, upepo umepata nguvu, na unafagia. Tofauti yake inapimika. Kilo moja ya nyasi kavu ikiungua hutoa takriban megajuli 18 za joto. Chukueni mbuga yenye tani 4 za nyasi kavu kwa hekta, yaani gramu 400 kwa kila mita mraba. Moto unaosukumwa na upepo kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde utatoa kilowati 3,600 kwa kila mita ya mstari wake. Nyasi zilezile zikichomwa na moto unaorudi kinyume na upepo, kwa sentimita 2 kwa sekunde, hutoa kilowati 144. Ni mara 25 pungufu.

Joto la moto wa upepo hupanda hadi matawi ya mgunga ambako karani tamba amejenga, na huingia kwenye pango la mti mkubwa ambamo mumbi hulea kinda mmoja. Karani tamba huatamia kwa siku zipatazo 45 na makinda hubaki kiotani kwa miezi miwili au zaidi, hivyo kiota kilichoanzishwa Desemba bado kina kinda Machi. Karani tamba amewekwa na IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) katika kundi la walio hatarini tangu 2020, na mumbi wa kaskazini naye ni miongoni mwa ndege wanaotishiwa. Kupoteza mti mmoja wenye pango ni hasara ya miongo, kwa sababu mti mwenye shina nene la kutoboka hauoti kwa bajeti ya miaka mitano. Tunaomba kila mti wenye kiota au pango linalojulikana usafishwe chini yake, mita 5 kuzunguka shina, kabla ya moto. Kazi hiyo inahitaji watu wawili na panga kwa dakika ishirini.

Tuseme pia upande wa pili wa hesabu ile. Moto unaorudi kinyume na upepo hukaa muda mrefu zaidi kwenye shina la nyasi, kwa hiyo kiota kilicho chini kabisa hakiponi kwa sababu moto ni mdogo. Faida yake ni nyingine. Mstari unaosonga sentimita 2 kwa sekunde hutembea mita 72 tu kwa saa, na kinda la kwale au kanga linaloweza kutembea linapata muda wa kutoka. Mbele ya moto wa upepo halipati.

Kusini hali ni tofauti, na kunakili ratiba ya Murchison huko ni kosa. Queen Elizabeth na Ziwa Mburo zina vipindi viwili vya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hivyo zina viangazi viwili. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho nyasi hukauka zaidi. Ni kipindi hichohicho ambapo mbayuwayu buluu, aliyezaliana kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na nchi za kusini zaidi, huwa amekuja kwetu. Sango Bay, karibu na mpaka wa Tanzania, ni moja ya sehemu chache anakokaa. Huwinda wadudu akiruka chini chini juu ya nyasi zenye unyevu. Sango Bay haifai kuchomwa yote kwa mkupuo mmoja mwezi Julai, iwe na mfugaji, mkulima wa miwa au chombo chochote cha serikali.

Kabla ya kuwasha chochote, pimeni nyasi. Kifaa ni fremu ya mita moja kwa moja, mundu, gunia na mizani ya jikoni. Kateni nyasi zote ndani ya fremu kwenye sehemu zisizopungua 10 zilizotawanyika katika kitalu, yaani kipande cha mbuga kilichopangwa kuchomwa, zikausheni juani mpaka zivunjike mkononi, zipimeni, tafuteni wastani. Gramu kwa mita mraba mkizidisha kwa 10 mnapata kilo kwa hekta. Chini ya kilo 1,500 hivi moto hautasambaa, na mkiulazimisha mtaishia kuwasha sehemu mia moja na kuua viota bila kupata malisho. Kati ya 2,000 na 3,000 moto wa kawaida utafanya kazi. Kama lengo ni kuua vichaka, huhitajika kilo kama 4,000 na zaidi, na hapo msiwashe kabla eneo hilo halijapumzishwa msimu mmoja au miwili ili nyasi zijae. Kuchoma kila mwaka kwa nia ya kuua vichaka hujipinga kwenyewe: nyasi zinakuwa chache, moto unakuwa hafifu, kichaka kinachipua kutoka mizizini kikiwa na shina nyingi kuliko mwanzo. Dichrostachys ni hodari wa hilo. Vilevile moto wa kila mwaka huzinufaisha nyasi za Imperata, ambazo Waganda huziita lusenke, kwa kuwa mashina yake yako chini ya udongo salama. Lusenke ikitawala, mbegu za kulisha ndege hupungua na hata kobu huila ikiwa changa tu.

Kuhusu ukubwa. Mapendekezo yetu ya kuanzia ni kugawa kila mbuga katika vitalu vya hekta 50 hadi 200, na kuchoma si zaidi ya theluthi moja ya vitalu kwa mwaka kwenye maeneo yenye mvua nyingi, na robo au sehemu moja ya tano katika bonde kavu la Kidepo. Vitalu vya mwaka mmoja visipakane. Mtu akisimama popote kwenye majivu asiwe mbali zaidi ya mita 500 na nyasi zilizosimama. Theluthi inayochomwa mwaka huu isiwe ileile itakayochomwa mwaka ujao, vinginevyo mtaikuza misitu ya miiba katika sehemu moja na kuichakaza nyingine. Sehemu moja tu tungependa isichomwe kamwe na moto wa mpango: ukanda wa mita 100 kando ya vinamasi na mafunjo, ambako korongo taji hujenga. Huyo ni ndege wa bendera yetu.

Barabara ndani ya Murchison zimeongezeka kutokana na kazi za mafuta, na ni kishawishi kikubwa. Barabara pana ni njia nzuri ya kuzuia moto, lakini ikitumika kama mpaka wa kitalu, kitalu kinakuwa kikubwa kadiri barabara zilivyo mbali. Fyekeni njia za kati. Kipimo cha shambani ni upana usiopungua mara tatu ya urefu wa nyasi kwa moto unaorudi nyuma. Mbele ya moto unaokwenda na upepo chomeni kwanza ukanda wa mita 20 hadi 30 upande ule ambako upepo unaelekea, uzimike kabisa, ndipo muwashe upande mwingine.

Hapa kuna kosa ambalo tunaliona kuwa baya kuliko yote: kuwasha kitalu pande zote nne kwa pamoja. Ni njia ya haraka, inamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana, na mstari wa moto hujivuta katikati kwa nguvu kubwa. Kila kisichoruka hufia ndani. Kobe, nungunungu, makinda ya tandawala, mbuni anayeatamia kule Kidepo ambaye hukaa juu ya mayai chini wazi. Wekeni katika maelekezo ya kazi, kwa maandishi, kwamba upande mmoja wa kitalu huachwa bila moto hadi mwisho, na upande huo uwe ule unaopakana na nyasi ndefu.

Asubuhi ya siku ya kuchoma, vuteni kamba. Kamba ya mita 30, makopo matupu yakifungwa kila baada ya mita 2, watu wawili wakiivuta juu ya nyasi na wa tatu akitembea nyuma yake. Ndege anayeatamia huruka kamba inapomfikia, na mahali aliporukia ndipo pa kutafuta. Kiota kikionekana, wekeni kijiti chenye kitambaa mita 10 kando yake, kamwe si juu yake, kwa sababu kunguru na nyani hujifunza kusoma alama zetu. Kisha chomeni kwa uangalifu ukanda kuzunguka kiota, moto ukielekea nje, mkiacha duara la mita 25 hadi 50 la nyasi. Kama kamba imeinua ndege wengi wenye viota, maana yake mmechelewa au mmewahi mno, na kitalu hicho kiahirishwe.

Saa ya kuwasha ni jambo la kujadiliwa na kila msimamizi kulingana na eneo lake, ila tunapendelea kuanzia saa kumi alasiri. Jua limeshuka, unyevu wa hewa unapanda, na umande wa usiku husaidia kuzima mabaki. Upepo uwe wa kutosha kuelekeza moshi upande mmoja, takriban kilomita 5 hadi 15 kwa saa. Upepo uliokufa kabisa ni hatari pia kwa sababu ukirudi hautawauliza. Washeni kwanza kipande kidogo cha majaribio kandokando ya njia. Kopo la kudondoshea moto lijazwe dizeli sehemu tatu kwa petroli sehemu moja. Petroli ikizidi, mafuta huungua kabla hayajagusa nyasi na anayebeba huungua mkono. Kila timu iwe na pampu za mgongoni za lita 15 hadi 20 na mapigio ya mpira wa matairi yaliyofungwa kwenye mpini mrefu.

Na msiondoke mapema. Mavi makavu ya tembo hufukuta usiku kucha. Magogo vivyo hivyo. Mivumo (mitende mirefu ya porini) ya Murchison iliyokufa hushika moto juu na kurusha cheche mbali kuvuka njia mliyofyeka, na kitalu cha pili kinaungua saa nane za usiku bila mtu. Moto unaoandikwa kuwa wa bahati mbaya unaweza kuanzia kwenye vitu hivi vitatu. Pitieni ukingo wote asubuhi iliyofuata, mkipitisha mgongo wa mkono karibu na majivu kabla ya kuyagusa.

Kwa wenyeviti wa wilaya na maofisa mifugo tuna neno lenu. Nchi hii imekuwa na sheria ya kukataza uchomaji wa nyasi bila idhini tangu 1974, na wafugaji bado wanachoma. Mfugaji anayetaka chipukizi kwa ng'ombe wake, akijua kwamba kuomba ruhusa ni kupoteza wiki tatu na kujiweka matatani, huwasha kiberiti saa nane mchana wakati wa upepo mkali na kuondoka haraka. Hakuna njia iliyofyekwa, hakuna anayeuangalia. Moto huo huingia hifadhini na kuharibu mpango wa vitalu wa miaka mitatu kwa mchana mmoja. Fungueni dirisha la ruhusa Novemba na Desemba, ombi lijibiwe ndani ya siku saba na ofisi ya kata ndogo, na afisa mifugo afike siku ya kuchoma. Mwenye kibali awe na majirani wasiopungua kumi wenye matawi mabichi na maji. Hapo mtakuwa mmeugeuza moto wa siri kuwa moto wa mchana wenye wenyewe.

Fedha nazo zina msimu wake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Fungu la kufyeka njia likifika hifadhini Januari, njia zitafyekwa Januari, na kuchoma kutasogea Februari hata kama kila mtu kwenye kikao anajua kwamba Desemba ndiyo sahihi. Ndege hawa wanauawa na kalenda ya malipo. Tunamwomba Mheshimiwa Waziri na Mkurugenzi Mtendaji wahakikishe fungu hilo linatoka katika robo ya kwanza, ili panga ziingie kazini Oktoba mvua zikiwa zinaaga.

Mwisho ni hesabu. Picha za satelaiti za kuonyesha mioto hutolewa bure: zipo zinazoonyesha moto unaowaka kwa vipande vya mita 375 kila siku, na za Sentinel-2 zinazoonyesha makovu ya moto kwa ubora wa mita 10 hadi 20 kila siku tano mawingu yakiruhusu. Mtumishi mmoja mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuchora ramani ya kilichoungua kila mwezi. Juu ya ramani hiyo wekeni mistari ya kuhesabia ndege, kila mmoja kilomita 1, sita ndani ya vitalu vilivyochomwa na sita ndani ya visivyochomwa, watu wawili wakitembea kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Hesabuni mwezi mmoja kabla ya moto, mwezi mmoja baada yake, na tena Juni ndege wa nyasi ndefu wanapoimba na kujenga. Hesabu ya Juni ndiyo yenye jibu. Mwandike pia tarehe, saa ya kuwasha, uzito wa nyasi, mwelekeo wa upepo na hekta zilizoungua kinyume na zilizopangwa, kwa sababu bila hayo hesabu ya ndege haitaeleza chochote.

Tunaomba ramani ya vitalu vya msimu ujao kwa hifadhi zote nne ibandikwe katika ofisi za wilaya na makao ya hifadhi ifikapo mwisho wa Oktoba, ikionyesha kitakachochomwa na kitakachoachwa. Tuko tayari kuvuta kamba, kupima nyasi na kuhesabu ndege pamoja na askari wenu, kwa gharama zetu za usafiri, katika hifadhi yoyote itakayotuita.

Wenu kwa heshima,

Waangalizi wa ndege, waongoza watalii na wataalamu wa malisho
Uganda